Mchezaji aliyewahi kuwa wetu kwa mkopo, na nyimbo zetu za ugenini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ratiba inapoonesha kwamba tunasafiri kwenda kucheza na timu aliyopo mchezaji tuliyewahi kuwa naye kwa mkopo, mjadala huwa uleule: tumwimbe, tumzomee au tumpuuze? Majibu haya yamekusanywa kwa ajili ya wanaosafiri na timu, wapya na wakongwe. Pale ambapo mashabiki hawakubaliani, msimamo umewekwa wazi na sababu zake zimeelezwa.

## Kuhusu mkopo wenyewe

Mchezaji wa mkopo ni wa nani?

Mkataba wake mkubwa unabaki na klabu iliyomtoa, lakini usajili wake unahamia kwa klabu iliyomchukua kwa muda waliokubaliana. Katika muda huo anavaa jezi yetu, anamtii kocha wetu, na mabao yake yanahesabiwa kwetu. Mshahara hulipwa na upande mmoja au hugawanywa, kulingana na walivyoandikiana.

Kanuni za FIFA zilizoanza kutumika Julai 2022 zinasema mkopo wa kimataifa usizidi mwaka mmoja, na klabu iliyomkopa mchezaji haiwezi kumkopesha kwa klabu ya tatu. Zimeweka pia kikomo: tangu Julai 2024 klabu inaweza kuwa na wachezaji 6 iliowatoa kwa mkopo wa kimataifa na 6 iliowapokea, na wasizidi 3 kati ya klabu mbili zilezile kwa msimu. Vijana wenye umri wa miaka 21 au chini ambao wamelelewa na klabu yenyewe hawahesabiwi.

Kwa hiyo alikuwa wetu kweli, ila tangu siku ya kwanza kila mtu alijua tarehe ya mwisho. Hilo likumbukwe kabla ya kulia usaliti.

Kama alitupenda, kwa nini hakubaki?

Hili ndilo lalamiko linalorudiwa kuliko yote, na mara nyingi linaelekezwa kwa mtu asiyestahili. Mkopo unapoisha, mchezaji hana uamuzi wa peke yake. Klabu inayommiliki lazima ikubali kumuuza, klabu yetu lazima iwe na fedha na nia, kisha naye akubaliane na mshahara. Upande mmoja ukikataa, anafungasha.

Mikopo mingine ina kipengele cha kununua kwa bei iliyopangwa mapema. Kama kipengele hicho kilikuwepo na viongozi wetu hawakukitumia, basi sisi ndio tulioamua. Kabla hujatunga wimbo wa kumwita msaliti, jiulize nani alisema hapana.

Je, anaruhusiwa kucheza dhidi ya klabu inayommiliki wakati bado yuko kwa mkopo?

Inategemea mashindano. Katika Ligi Kuu ya Uingereza haruhusiwi. Katika mashindano ya UEFA anaruhusiwa, na klabu mbili haziwezi kuandikiana vinginevyo: Aprili 2014, Atlético Madrid walipopangwa na Chelsea kwenye nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, UEFA ilitamka kwamba kipengele chochote cha kumzuia Thibaut Courtois kucheza hakina nguvu. Kipa huyo wa Chelsea alikaa langoni mwa Atlético mechi zote mbili, na Atlético wakasonga kwa jumla ya mabao 3-1.

Si yeye pekee. Mwaka 2004 Fernando Morientes, akiwa Monaco kwa mkopo, aliifunga Real Madrid iliyokuwa ikimmiliki katika mechi zote mbili za robo fainali, na Real wakatolewa kwa sheria ya bao la ugenini (jumla ikiwa sawa, aliyefunga zaidi ugenini ndiye aliyesonga). Agosti 2020 Philippe Coutinho aliingia kutoka benchi akiwa na Bayern Munich na kuifunga Barcelona mabao mawili katika kipigo cha 8-2. Hakushangilia hata moja.

## Kuhusu kuimba ugenini

Inakuwaje watu wachache wa ugenini wasikike kuliko uwanja mzima wa wenyeji?

Kwa sababu wamekaa pamoja na wote wamekuja kuimba. Katika Ligi Kuu ya Uingereza wageni hupewa nafasi 3,000, au asilimia 10 ya uwanja ukiwa mdogo. Kwenye mashindano ya UEFA hupewa asilimia 5. Ni wachache, lakini aliyesafiri umbali wote ule hakuja kukaa kimya.

Sababu ya pili ni ya fizikia, na inafaa kueleweka na kila anayeanzisha wimbo. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kiwanja chenye urefu wa mita 105 kinamaanisha kwamba wimbo ulioanzia nyuma ya goli moja unafika goli la pili umechelewa karibu theluthi moja ya sekunde. Kwa wimbo wa mwendo wa kawaida hiyo ni zaidi ya nusu ya pigo. Wenyeji waliozunguka uwanja mzima husikiana wakiwa wameachana, kila upande ukivutana na mwenzake, na wimbo unavunjika. Sisi tuliobanwa kwenye kona moja tunasikiana karibu papo hapo. Kama jukwaa letu lina paa la chini, sauti inarudi na kutoka mbele ikiwa imeshikana.

Kwa hiyo msitawanyike. Mkipewa jukwaa lenye nafasi wazi, waimbaji wakae katikati na nyuma, karibu na paa, na wanaotaka kutazama kwa utulivu wakae pembeni.

Nani aanzishe wimbo?

Yeyote, ila asianzishe mwingine wakati mmoja bado haujaisha. Jukwaa la ugenini huharibika kwa watu watano wenye sauti nzuri, kila mmoja na wimbo wake. Kikundi kikiwa na mhamasishaji aliyezoeleka, mpisheni. Anza kwa sauti ya chini kidogo, kwa sababu watu wengi hawawezi kufuata sauti ya juu, na mwendo huongezeka wenyewe watu wakipata joto.

Tuimbe dakika zote 90?

Mkiweza. Nyakati zinazohitaji nguvu zaidi ni zile ambazo wengi hunyamaza: baada ya kufungwa, na dakika kumi za mwisho tunapolinda bao moja. Kuimba tukiongoza mabao matatu ni raha yetu sisi wenyewe. Kuimba tumefungwa mapema, uwanja mzima ukitucheka, ndiko kunakomfikia beki aliyekosea akiwa ameinamisha kichwa. Mchezaji anajua ni akina nani waliomfuata mpaka huko.

Tuwaimbie wenyeji vijembe au tuimbe yetu?

Vijembe ni sehemu ya mpira, na utani wa kiwanjani ukikosekana mechi inapoa. Tatizo ni kipimo. Jukwaa linalotumia nusu ya mechi kuwaimbia wenyeji linakuwa limewasahau kumi na mmoja waliovaa jezi yetu, na mara nyingi linawaamsha wenyeji waliokuwa wamelala. Kijembe kimoja kizuri kwa wakati wake kinatosha. Kikirudiwa mara ishirini kimekufa.

Ngoma, tarumbeta na mabango vinaruhusiwa?

Uliza klabu mwenyeji kabla ya safari, kwani kila uwanja una masharti yake na mlangoni hakuna mjadala. Wazo la kutegemea ngoma tu ni hatari: ikizuiwa, mnabaki bila mwendo. Makofi hayazuiwi popote.

## Anaporudi akiwa upande wa pili

Basi tumpigie makofi au tumzomee?

Makofi. Jina lake linapotangazwa, au anapokuja kupasha moto karibu na jukwaa letu, mpigieni makofi kwa dhati. Mpira ukianza, mwacheni. Filimbi ya mwisho ikilia na akija kutusalimia, mpigieni tena. Huo ndio msimamo wa ukurasa huu, na sababu yake ni rahisi: alipokuwa nasi alifanya kazi aliyokubali kuifanya, kwa muda aliokubali kuufanya. Deni halipo upande wowote. Kinachobaki ni shukrani, na shukrani ina wakati wake, ambao si dakika ya 63 anapokwenda kupiga kona dhidi yetu.

Wapo wanaosema makofi yanampa nguvu. Hoja hiyo inastahili kusikilizwa, lakini nguvu ya mchezaji wa kulipwa haitoki kwenye makofi ya dakika moja kabla ya mechi. Inatoka zaidi kwenye hasira ya kuzomewa na watu aliowahi kuwafungia mabao, na wapo wachezaji waliowahi kukiri hivyo hadharani.

Wimbo wetu wa zamani wa jina lake, tuuimbe?

Kabla ya mechi kuanza, sawa, mara moja. Ndani ya dakika 90, hapana kabisa.

Hapa ndipo ugomvi mkubwa unapozuka, kwa sababu wimbo ule ulikuwa mzuri na watu wanaupenda. Lakini mfikirie kijana wetu anayecheza sasa nafasi ileile. Amesafiri, anakabana na mtu aliyemtangulia, na anasikia jukwaa lake mwenyewe likiimba jina la mpinzani. Jukwaa la ugenini ni dogo, na kila wimbo unaoimbwa ni wimbo mwingine ambao haukuimbwa. Tukitoa dakika mbili kwa aliyeondoka, tumezitoa kwenye mfuko wa aliyepo. Mtungieni na huyu wa sasa wimbo. Mara nyingi ugomvi wa wimbo wa zamani unaonesha tu kwamba hatujafanya kazi hiyo.

Lakini aliondoka bila hata kuaga.

Mikopo mingi huisha siku ya mwisho ya msimu, wachezaji wakiwa wanatawanyika kwenda mapumziko au kwenye timu zao za taifa. Mwingine huitwa arudi katikati ya msimu kwa kipengele cha mkataba na kuondoka usiku mmoja. Ukimya wake peke yake si ushahidi wa dharau. Kama alitamka wazi maneno ya kutudharau, hiyo ni hesabu nyingine, na hapo kunyamaza anapotangazwa ni jibu zito la kutosha.

Kuzomea hakumvurugi mchezaji?

Humvuruga baadhi, na hakuna anayejua mapema ni nani. Kisa kinachotajwa sana ni cha Romelu Lukaku. Inter Milan walikuwa naye kwa mkopo kutoka Chelsea msimu wa 2022-23, na walitegemea angerudi. Akaenda Roma. Alipokanyaga San Siro, uwanja wa Inter, Oktoba 2023, mashabiki wa Curva Nord, jukwaa la waimbaji wa Inter, walikuwa wametangaza mpango wa kugawa maelfu ya filimbi za kumpulizia. Inter walishinda 1-0 na Lukaku hakufunga.

Wanaopenda kuzomea hutumia mechi hiyo kama ushahidi. Soma tena mazingira yake, lakini: wenyeji walikuwa makumi ya maelfu, kwao nyumbani, na timu yao ilikuwa na nguvu kuliko Roma siku ile. Sisi tukiwa ugenini tuko wachache. Kuzomea kwetu kunafunikwa na mashabiki wake wapya wanaomshangilia kwa sauti kubwa zaidi ili kutujibu. Tunakuwa tumempatia uwanja mzima.

Akitufunga je?

Inauma kuliko bao la mtu mwingine yeyote. Wimbo unaofuata uwe wa timu yetu, na uanze kabla mpira haujarudishwa katikati.

Kama hakushangilia, mkumbukeni kwa hilo baada ya mechi. Novemba 2000 Gabriel Batistuta aliifungia Roma bao pekee dhidi ya Fiorentina, klabu aliyoichezea miaka tisa, na akabubujikwa na machozi uwanjani. Hakuwa mchezaji wa mkopo, lakini tangu hapo wengi hupima heshima kwa bao lile. Ni heshima anayoitoa mwenyewe. Hatuna haki ya kuidai. Kijana aliyekaa nasi miezi mitano akifunga bao lake la kwanza kwa klabu mpya ana haki ya kufurahi.

Na akija kushangilia mbele yetu makusudi?

Sheria ya 12 ya mpira inamtaka mwamuzi amwoneshe kadi ya njano mchezaji anayeshangilia kwa uchokozi au kejeli. Mwacheni mwamuzi afanye kazi yake. Septemba 2009, Emmanuel Adebayor, akiwa ameuzwa na Arsenal miezi michache kabla, aliifungia Manchester City kisha akakimbia urefu wote wa uwanja kwenda kushangilia mbele ya mashabiki wa Arsenal waliokuwa ugenini. Alipewa kadi ya njano na baadaye akatozwa faini. Kutoka jukwaa lile vilirushwa vitu, na mlinzi mmoja wa uwanja akaumia, mtu ambaye hakuwa na bao wala kosa. Mchezaji alikosea, lakini aliyelipia alikuwa mlinzi yule.

Mapenzi ya mkopo yanaweza kugeuka chuki ya kudumu?

Yanaweza, na Courtois ndiye mfano mkubwa zaidi. Alikaa Atlético kwa mkopo misimu mitatu, 2011 hadi 2014, na akaondoka na Europa League, Kombe la Mfalme na ubingwa wa Hispania. Kwa kuwa alivuka mechi 100, jina lake liliwekwa kwenye kibao nje ya uwanja wa Metropolitano pamoja na magwiji wengine. Mwaka 2018 akajiunga na Real Madrid. Februari 2019, siku ya mechi ya watani, mashabiki walikitupia kibao chake panya wa kuchezea.

Haikuishia hapo. Septemba 2024 Real walipopata bao kwenye uwanja huohuo, vibiriti na vitu vingine vilianza kumrukia Courtois langoni, na mwamuzi akasimamisha mchezo kwa karibu dakika 20. Atlético walisawazisha mwishoni kabisa, 1-1. Timu iliyokuwa nyuma ilikatiziwa mchezo kwa karibu dakika ishirini kwa sababu ya kushughulika na mtu mmoja. Yeyote anayesema vurugu kama ile huisaidia timu aitazame mechi hiyo tena.

Ni haki kuumia mtu wako anapokwenda kwa mtani. Lakini mataji yale matatu hayakuondoka naye.

## Mipaka

Maneno gani hayaimbwi kamwe?

Rangi ya ngozi, kabila, dini, taifa lake, ulemavu, ugonjwa, mke wake, watoto wake na wazazi wake. Vifo navyo havitaniwi: ajali ya ndege ya Munich ya 1958 iliyoua watu 23, na maafa ya Hillsborough ya 1989 yaliyoua mashabiki 97, bado huimbwa na wapumbavu wachache viwanjani, na waliofiwa huwa wamekaa palepale jukwaani wakisikiliza.

Kwa ubaguzi wa rangi, mwamuzi ana hatua tatu: kusimamisha mchezo, kuziondoa timu uwanjani kwa muda, kisha kuuvunja mchezo. Tangu Mkutano Mkuu wa FIFA wa Mei 2024, mchezaji anayebaguliwa anaweza kumwashiria mwamuzi kwa kuipishanisha mikono yake kwenye vifundo vya viganja, mfano wa herufi X. Uingereza ina sheria tangu 1991 inayoufanya wimbo wa kibaguzi uwanjani kuwa kosa la jinai.

Kwamba mchezaji aliwahi kuwa wetu hakutupi ruhusa ya ziada. Ukweli kwamba tunayajua ya nyumbani kwake, kwa kuwa aliishi nasi, unatufunga mdomo zaidi.

Mtu aliye kando yangu anaimba hivyo. Nifanye nini?

Mwambie mapema, kwa sauti ya kawaida, kabla wengine hawajamfuata. Wimbo mbaya unahitaji watu kumi ili uwe wimbo. Ukikosa wa pili na wa tatu unakufa mdomoni mwa aliyeuanza. Njia nzuri kuliko kugombana ni kuanzisha wimbo mwingine unaojulikana, papo hapo. Akiendelea, mwone mlinzi wa jukwaa. Klabu huadhibiwa kwa pamoja, kwa faini na kufungiwa majukwaa, na anayeumia ni yule aliyeweka akiba ili asafiri.

Wakubwa kwa umri wana jukumu zaidi hapa. Kijana wa miaka kumi na sita anamtazama aliye juu yake.

Kwa nini kulifanya hili kuwa kubwa? Ni mpira tu.

Kwa sababu jukwaa la ugenini linaweza kuondolewa. Argentina iliwazuia mashabiki wa ugenini kuanzia 2013, na hali hiyo ikadumu miaka mingi. Kuna kizazi cha mashabiki kule kilichokua bila kujua raha ya kusafiri na timu.

## Hali za pembeni

Yuko kwetu sasa kwa mkopo, na wikiendi tunacheza na klabu inayommiliki. Haruhusiwi kucheza. Tumwimbe?

Hapa ndipo ninaposema ndiyo, hata ndani ya mechi, mara moja. Bado ni wetu, na kukosekana kwake kunamuuma. Ila msiwaimbie wenyeji kwamba hatarudi kwao. Yeye ndiye atakayerudi na kuulizwa.

Yuko benchi la wapinzani, hakucheza kabisa.

Salamu za kabla na baada zinatosha. Angalia jibu la "Basi tumpigie makofi au tumzomee?"

Ameumia na anatolewa kwa machela.

Nyimbo zisimame na makofi yapigwe. Hili ni kwa mchezaji yeyote.

Alikuwa kwetu lakini hakucheza vizuri. Wengine hata hawamkumbuki.

Basi hakuna la kufanya. Kumzomea mtu kwa sababu alikuwa na msimu mbaya akiwa na miaka 19, mbali na kwao, katika timu iliyokuwa ikibadilisha makocha, hakuna maana. Wachache wakimpigia makofi, msiwazuie.

Vipi kama atasajiliwa na sisi tena, safari hii moja kwa moja?

Hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Everton walikuwa na Lukaku kwa mkopo msimu wa 2013-14, kisha wakamnunua kutoka Chelsea 2014. Wimbo wake wa zamani unarudi siku hiyohiyo, na wale waliomzomea ugenini mwaka uliotangulia waimbe pamoja na wengine bila kuulizwa walikuwa wapi.